Macho ya Rubani Mbele ya Kamera

Yaliyoandikwa hapa ni kweli tupu. Hayajatiwa chumvi hata punje, hayakuongezewa mkia wala masikio, na atakayebisha aje mwenyewe aione meza, aione kompyuta, na dirisha alione. Mashahidi wapo, wote wazima, wote na akili zao timamu, isipokuwa jirani wa upande wa kushoto ambaye hata kabla ya mambo haya alikuwa na yake.

Nyumba ilikuwa na watu watatu. Wa kwanza ni mama, muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi, mwanamke aliyezoea kuwaambia watu wasukume na wakasukuma. Wa pili ni kaka yake, mstaafu, mtu mrefu, mtanashati, mwenye sauti ya kupendeza, aliyefanya kazi uwanja wa ndege miaka thelathini na mmoja akiendesha trekta la kusukuma ndege kinyumenyume zinapoondoka. Kwa kazi hiyo alijihesabu mtaalamu wa anga.

"Marubani wote wanajua kwenda mbele," alikuwa akisema. "Waambie warudi nyuma uone watakavyokodoa macho. Siku moja nilisukuma ndege nikapitiwa na usingizi. Kuja kuzinduka, tumeshavuka wilaya mbili. Abiria wakashuka wakinishukuru kwamba wamefika mapema."

Wa tatu ni binti wa muuguzi, mpwa wa huyo mtanashati, na yeye ndiye rubani. Leseni anayo, saa mia tisa za kuruka anazo, na mashati mawili meupe yenye mistari mabegani yananing'inia kabatini kama watu waliosahauliwa kituoni. Alikuwa rubani msaidizi wa kampuni ndogo ya kusafirisha vifurushi, mpaka asubuhi moja alipofika kazini akakuta kufuli mlangoni na mwenye kampuni hapokei simu. Tangu siku hiyo miezi kumi na mmoja ilikuwa imepita naye yuko chini.

Tena si kukaa tu. Rubani hupimwa kila mwaka kama bado anaweza kuruka kwa kutazama vipimo peke yake, nje kukiwa na ukungu mtupu. Kipimo chake kilikuwa kinakwisha mwisho wa mwezi ule. Kikishakwisha, hakuna kampuni ya kumgusa mpaka apimwe upya, na pa kupimiwa bila kampuni hakuwa napo. Ilikuwa imebaki kampuni moja tu inayoajiri, ikimwita kwenye usaili kwa njia ya video. Mbili nyingine zilishamkataa kwa njia hiyohiyo ya video, na moja ilikuwa na moyo wa kumwandikia barua kumweleza kwa nini.

Mama aliisoma barua hiyo mara mbili, akavua miwani. "Jopo halikupata uhakika wa ukweli wa maelezo yake," alisoma kwa sauti. "Nani? Huyu? Huyu aliyerudi dukani akiwa na miaka sita kusema ameongezewa peremende moja?"

"Ndivyo walivyoandika, mama."

"Huyu hata kudanganya kwamba ameshiba hawezi!"

Mjomba akasogeza kiti. "Nipeni hiyo kesi. Katika nyumba hii, bingwa wa uongo ni nani?"

Wote wawili wakamtazama, hata kufikiri hawakufikiri.

"Basi. Anayejua anavyoonekana mwongo ni mimi. Mpwa wangu, washa hiyo kompyuta."

Wakaanza mazoezi mezani pale, chini ya dirisha la sebuleni, maana mpwa alikuwa amesoma kwamba mwanga wa mchana ukikupiga usoni unaonekana vizuri. Mjomba akauliza, rubani akajibu, kompyuta ikarekodi.

"Kwa nini unataka kujiunga na kampuni yetu?"

"Nimepata. Mnataka kujua kwa nini nataka kujiunga na kampuni yenu," rubani akasema, kisha akavuta pumzi.

"Ngoja, ngoja. Mbona unanirudishia swali langu?"

"Mnara ukikupa maelekezo lazima uyarudie neno kwa neno, mjomba. Usiporudia wanajua hujasikia."

"Hawa si mnara. Hawa wanajua walichouliza, ndio waliouliza! Una dakika mbili, nusu yake unawasomea barua yao wenyewe."

Hilo lilitibika kwa siku moja. Lililobaki ndilo lililokuwa na mizizi. Walipoitazama rekodi, rubani mwenyewe alijificha uso. Maneno yalikuwa mazuri, sauti nzuri, lakini macho! Yalikuwa yanakimbia huku na huko kama ya mtu aliyeficha kuku kwapani.

Mjomba akazima sauti. Akarudisha mwanzo, akasogeza uso karibu na kioo, akaanza kuhesabu kwa kidole. "Saa. Swali. Sura yako. Karatasi yako. Kamera. Saa. Swali. Sura yako. Karatasi. Kamera." Akarudia tena, na macho yakafuata mstari uleule, bila kukosea hata mara moja. "Mama'angu wee, hukuhangaika hata kidogo. Unairusha hiyo kompyuta!"

Rubani akaitazama rekodi tena. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyekuta funguo mkononi mwake mwenyewe. Mwalimu wake wa urubani alikuwa na rula. Jicho likituama kwenye kipimo kimoja zaidi ya sekunde mbili, rula ilitua begani: ukikikodolea kimoja, kingine kinakuua. Mwaka mzima wa rula. Sasa kila alipowekewa kioo chenye saa pembeni na maandishi chini, macho yalishika doria yenyewe, bila kuomba ruhusa. Alifundishwa vizuri mno, ndilo lililokuwa kosa lake.

"Kwa hiyo nifanye nini? Nisahau nilichojifunza?"

"Usisahau. Tuyadanganye macho tu."

Mjomba akakata boksi la viatu, akafunika kioo kizima, akaacha tundu moja la kamera. Macho yakaanza kukagua boksi. Akabandika picha ya mama juu ya kamera. Rubani akajibu maswali matatu amekakamaa kama mgonjwa aliyekataa dawa, mama akapita akaiona, akaibandua bila neno. Siku ya tatu mjomba akaleta ndoo, akaigeuza nyuma ya meza, akaikalia, kidevu chake kikawa sawasawa na ukingo wa juu wa kompyuta.

"Niangalie mimi," akasema, "nikuulize."

Ikakubali. Wala haikuwa uchawi. Mjomba alikuwa kila baada ya swali anachomeka lake, mara amewahi kusukuma ndege kwa mguu mmoja, mara kapteni fulani aliwahi kulia alipomwona anastaafu, na mpwa wake alishazoea kwamba mtu huyu ukimwondolea jicho dakika moja, mazungumzo yanahamia mwezini. Kwa hiyo akamkazia macho kama askari anavyomkazia mtuhumiwa. Kwenye rekodi, yule binti alionekana mtulivu, mkweli, mtu wa kukabidhiwa roho za watu.

"Hapa ningekuamini," mama akasema akiwa bado na sare ya kazini, "hata ungeniambia kaka yangu amefunga mdomo."

Wakagombana kwenye swali moja tu: tueleze kosa ulilowahi kufanya kazini.

"Hilo nimekutungia," mjomba akasema. "Ndege wa porini, kundi zima, wanaingia injini ya kulia. Kapteni anazirai. Moshi. Wewe unashika usukani kwa mkono mmoja, mwingine unampepea kapteni."

"Kosa liko wapi hapo?"

"Kosa lako ni kwamba hukujisifu."

"Mjomba, hiyo hadithi ina mabawa kuliko ndege yenyewe."

"Basi toa yako."

Akaitoa, na hakuwahi kumweleza mtu yeyote nyumbani. Kabla ya kuruka, rubani msaidizi huizunguka ndege kwa miguu akiikagua. Puani kuna vimrija viwili vidogo vinavyoingiza upepo, kimoja kwa kipimo cha kasi cha kapteni, kingine kwa cha msaidizi, na ndege ikilala kila kimoja huvalishwa kifuniko chekundu kisiingiwe na wadudu. Asubuhi ile alikuwa katikati ya kuzunguka, mpakiaji akamletea karatasi ya uzito wa vifurushi aisaini. Akasaini. Aliporudi kuendelea akaanzia si pale alipoachia, akaanzia hatua tatu mbele. Hatua hizo tatu ndipo kilipokuwa kifuniko cha upande wa kapteni.

"Tukaanza kukimbia kwenye njia ya kurukia," alisema. "Kazi yangu ilikuwa kutaja kasi. Nikatazama, mshale wangu unapanda, wa kapteni umelala. Nikapiga kelele tusimame. Tukasimama. Nikashuka nikakitoa kile kifuniko kwa mikono yangu, watu wanatazama. Ripoti nikaiandika mwenyewe."

Mjomba alikaa kimya, jambo ambalo kwenye nyumba ile lingestahili kuandikwa ukutani. Halafu akasema polepole, "Mpwa wangu, unakwenda kuomba kazi ya upishi, unaanza kwa kuwaambia uliunguza jiko?"

Usiku ule na asubuhi yake neno hilo lilimkaa rohoni kama mwiba wa samaki. Akiwaambia, je, wakimwona mzembe? Akiwaficha, je, si watakuwa wamepatia walioandika ile barua?

Lilikuwepo na jambo la pili. Kanuni za usaili zilisema mwombaji awe peke yake, na kabla ya kuanza ilimpasa athibitishe hivyo. Hakuna mjomba, hakuna ndoo.

"Nimeelewa," mjomba akasema. "Sitakuwemo chumbani. Naapa."

Siku ilipofika, mjomba alivaa shati safi, akaondoka kwa hiari yake kama muungwana, akaenda kinyozi mwisho wa barabara, akacheza drafti na kushinda mara saba mfululizo. Huku nyumbani, rubani akakaa peke yake mbele ya kamera, macho yakatulia kama maji mtungini, akajibu kila swali bila kugugumia, wasaili watatu wakatazamana kwa furaha, na wa katikati, kapteni mwanamke mwenye mvi, akasema hajapata kuona usaili kama huo. Mambo yakaishia hapo, kila mtu akafurahi.

"Drafti?"

Hiyo ilikuwa sauti ya rubani mwenyewe. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti, kurasa hizi mkononi, amezisoma zote mpaka hapo. Aliyeziandika, yaani mjomba, alikuwa amekaa mezani na kalamu, na sura yake ya kitanashati ikashuka.

"Mjomba, ulishinda drafti mara saba?"

"Labda sita."

"Kinyozi alikuwa amefunga siku ile. Alikuwa msibani."

"Ndiyo maana nilishinda kirahisi."

Rubani akaziweka kurasa mezani, akavuta kiti, akakaa. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomtia mjomba jasho. "Andika," akasema. "Andika ilivyokuwa. Nitakaa hapa hapa nikutazame."

Ilivyokuwa ni hivi.

Rubani alithibitisha yuko peke yake, akiamini hivyo kwa moyo mweupe. Nyuso tatu zikatokea: kapteni mwenye mvi, mwanamume mwenye miwani, na afisa ajira kijana aliyekuwa akitabasamu muda wote kana kwamba kuna mtu anampiga picha. Swali la kwanza tu, macho yakaanza doria. Saa. Swali. Sura. Alijiona kabisa anavyofanya, na kujiona kukazidisha. Mwenye miwani akainama akaandika kitu.

Hapo ndipo, nje ya dirisha, juu tu ya kompyuta, lilipochomoza paji la uso, kisha macho mawili, kisha pua. Mjomba alikuwa ameapa kutokuwemo chumbani, na chumbani hakuwemo. Alikuwa nje, juu ya ndoo, na ndoo juu ya matofali mawili, kati ya vyungu vya maua vya dada yake.

Rubani alipandwa na hasira hata akasahau kuogopa. Akamkazia macho. Na macho yakatulia. Afisa ajira akatabasamu zaidi, mwenye miwani akaweka kalamu chini.

"Tueleze," kapteni akasema, "kosa ulilowahi kufanya ukiwa kazini."

Mjomba, kule nje, akatandaza mikono yote miwili akaanza kuipigapiga kama mabawa, kumkumbusha wale ndege wa porini. Kisha akajishika koo, akalegeza shingo: kapteni amezirai.

Rubani akamtazama mtu huyo mzima anayepiga mabawa dirishani, na ghafla akajua ile hadithi hataweza kuisema mbele ya kiumbe yeyote. Akasema ya kifuniko. Akaisema yote, karatasi ya uzito, hatua tatu, mshale uliolala. "Tangu siku hiyo," akamalizia, "mtu akinikatiza katikati ya ukaguzi, siendelei nilipoachia. Naanza upya, mwanzo kabisa. Wenzangu walinicheka. Niliendelea kuanza upya."

Kapteni mwenye mvi hakucheka. Aliinamisha kichwa kidogo, akafungua mdomo aseme kitu.

Matofali yakateleza. Ikasikika ndoo, vikafuata vyungu, cha kwanza, cha pili, cha tatu, na sauti ikipaa: "Mama yangu weee!"

Wasaili wote watatu wakainua vichwa.

"Kuna mtu hapo?" kapteni akauliza.

Angeweza kusema ni paka. Angeweza kusema ni jirani, na kwa jirani yule isingekuwa ajabu. Mwisho wa mwezi ulikuwa umebakiza siku tisa.

"Ni mjomba wangu," akasema. "Yuko nje, alikuwa dirishani. Nilipothibitisha niko peke yangu sikujua kama yupo. Nilimwona kwenye swali la kwanza, na ilinipasa niwaambie papo hapo. Sikusema. Hilo ni kosa la pili la kuandika."

"Mwite."

Mjomba akaingia, udongo kichwani, ua jekundu limening'inia sikioni. Akaketi mbele ya kamera.

"Ulikuwa unafanya nini, mzee?"

"Nasafisha kioo, mheshimiwa." Akasema hivyo bila kupepesa, macho yametulia kama misumari, na mwenye miwani akatikisa kichwa kukubali.

"Mjomba," rubani akasema nyuma yake, taratibu.

Mjomba akalitoa ua sikioni. "Sikuwa nasafisha. Nilikuwa namwonyesha jibu." Na mara alipoanza kusema kweli, macho yakamtoka mbio: darini, mlangoni, mikononi, darini tena. "Nilimtungia hadithi ya ndege wa porini. Hakuisema. Hakuchukua langu hata moja. Huyu mtoto tangu azaliwe hajawahi kunisikiliza, na ndiyo maana amekuwa mtu. Kama mnamfukuza mtu, mfukuzeni mimi, ingawa mimi nimeshastaafu."

Kapteni alizima sauti, wakanong'onezana. Kisha akairudisha. "Kanuni ni kanuni. Usaili huu umefutwa. Asanteni." Kioo kikawa cheusi.

Mjomba alitegemea kelele. Hakupata. Rubani alifunga kompyuta, akaifuta udongo kwa kiganja, akaenda chumbani kwake akafunga mlango polepole. Siku mbili walikula meza moja akimpa chumvi akiomba, akimwitikia salamu, basi. Mjomba alijaribu ya trekta na wilaya mbili, ikafia njiani. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kutamani arudishe nyuma kitu asichoweza kukisukuma.

Siku ya tatu barua ikaja. Jopo lilikuwa limeridhika kwamba mwombaji alisema kweli mara mbili ambapo uongo ungemfaa zaidi. Usaili urudiwe, maswali mapya, na safari hii azungushe kamera chumba kizima, dirisha pamoja.

Siku ya marudio, mama aliondoka na kaka yake kwenda kazini, akamketisha kwenye benchi la wodi kati ya wajawazito wawili. "Akinyanyuka," akawaambia, "niiteni." Hakunyanyuka.

Rubani alikaa kwa nusu saa mbele ya kompyuta kabla haijawashwa. Bila boksi, bila picha, bila mjomba. Akajiuliza: ni lini macho ya rubani huruhusiwa kutua? Akakumbuka. Wakati wa kutua. Ndege ikishakaribia ardhi kabisa, unaachana na vipimo, unanyanyua jicho unalipeleka mwisho wa njia, kule mbali, na hapo unalibakisha mpaka magurudumu yaguse. Hata mwalimu mwenye rula alikuwa akisema, sasa tazama mwisho, tazama mwisho. Akaitazama ile kamera ndogo nyeusi kama mwisho wa njia. Swali lilipokuja, hakulirudia. Akatua nalo.

Walimpigia simu zikiwa zimebaki siku mbili mwezi uishe. Mafunzo yanaanza, kipimo watampimia wao. Mama alipiga kigelegele wodini, watoto wachanga wakaamka wote, mjomba akalia hadharani na kusingizia dawa ya kusafishia sakafu.

"Hapo sawa," rubani akasema sasa, akisoma juu ya bega la mwandishi. "Ila umesahau kuandika ulichomwambia mama kuhusu vyungu."

"Vyungu gani?"

"Mama anaamini ni upepo."

"Ulikuwepo upepo kidogo siku ile."

"Mjomba."

Mlango wa mbele ukafunguka. Mama ndiyo kwanza anarudi, mkoba begani, viatu mkononi. Rubani akaziokota kurasa zote, akamkabidhi mama yake, akakaa kando. Mama akasoma akiwa amesimama. Alisoma bila kucheka mpaka kwenye mabawa, akacheka, kisha akafika kwenye matofali, akaacha kucheka.

"Kaka."

"Naam, dada."

"Upepo?"

Jioni hiyo, jua likiwa bado lipo, mstaafu mrefu, mtanashati, mwenye sauti ya kupendeza, alikuwa amepiga magoti chini ya dirisha, suruali imekunjwa, anachimba kwa kijiko kikuukuu. Vyungu vitatu vipya alivitafuta mwenyewe, udongo aliubeba mwenyewe. Ndani, mpwa wake alikuwa anapiga pasi mashati mawili meupe.

"Kina zaidi," mama akasema kutoka mlangoni. "Hapo umekwaruza tu."

"Dada, mimi miaka thelathini na mmoja—"

"Chimba."

Akachimba.